Rafu ya Jemadari

Mtaa mzima ulimwita Jemadari, na wanawe nao walimwita hivyo wakishahakikisha yuko mbali. Alikuwa amepika miaka mingi katika jiko la shule ya bweni, akiamrisha masufuria na watu kwa sauti ile ile, na alipostaafu aliihamishia amri yote kwenye jiko lake dogo la nyumbani. Jiko lenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Chini kulikuwa na sinki na meko ya gesi. Juu, karibu na dari, kabati refu la mbao ambamo alipanga vyombo vyake vizito. Kulifikia alikuwa na kigoda cha miguu mitatu, na ni kigoda hicho kilichomwangusha akavunjika nyonga.

Hospitali ilimrudisha nyumbani na mkongojo na masharti: asiiname, asipande juu ya kitu chochote. Wanawe wakaongeza la kwao: asipike. Mwanawe wa kwanza, ambaye ukoo mzima ulimwita Kamati kwa sababu tangu utotoni hakuweza kuchagua hata kaptula bila kuitisha kikao, alikuja akaufungua mtungi wa gesi kutoka kwenye meko, akaubeba, akaondoka nao kwenye buti la gari. "Ni kwa usalama wako, mama," alisema. Tangu hapo chakula cha Jemadari kikawa kinaletwa ndani ya hotipoti na binti yake, kitinda mimba. Kilikuwa chakula kizuri tu. Jemadari alikila kama mtu anayemeza dawa.

Halafu ikaja habari ya chumba. Kamati alikuwa amekipaka rangi chumba cha uani nyumbani kwake, akaweka kitanda kifupi na pazia jipya, na mwisho wa mwezi mama ahamie huko. "Kule hutagusa kitu," alimwambia kwa furaha ya mtu anayetoa zawadi. Jemadari alimtazama mwanawe huyu mwenye roho nzuri, hasira ikampanda. Hutagusa kitu! Kwani alikuwa amekufa?

Alimpigia simu fundi wa makabati.

Fundi alikuwa na maneno mengi kuliko misumari. Alipima kabati, akampima mama mwenyewe kutoka sakafuni hadi kifuani, akaenda zake, akarudi na mikono miwili ya chuma yenye springi ndani. Aliifunga kila mmoja upande wake wa kabati, katikati akaning'iniza rafu, na mbele ya rafu akaweka bomba la kushikia. Ukivuta bomba, rafu nzima inatoka kabatini na kushuka taratibu hadi usawa wa kifua. Ukiisukuma, inarudi juu yenyewe.

"Sasa, mama, niambie kila kitakachokaa humu nikipakie," fundi alisema. "Springi hizi hazikazwi kwa kubahatisha. Zinakazwa kwa uzito."

Jemadari hakumwonea huruma. Alimpakiza sufuria zote nene, kikaango cha chuma, na kinu cha jiwe pamoja na mchi wake. Fundi alikaza nati, akajaribu, akakaza tena, huku akilalamika kwamba hii si rafu, ni gereji. Alipomaliza, Jemadari aliegemea mkongojo kwa mkono wa kulia, akavuta bomba kwa wa kushoto. Vyombo vyake vikamshukia kwa adabu hadi kifuani. Alicheka mpaka fundi akanyamaza, jambo ambalo halikuwa rahisi.

Siku hiyo hiyo akampigia Kamati. "Njoo Jumapili na mtungi wangu. Nikishusha sufuria mwenyewe na nikapika mwenyewe, sihami. Nikishindwa, nafunga mizigo papo hapo na hutasikia neno kutoka kwangu."

Kamati alikubali haraka, maana jambo lenyewe lilinukia kikao.

Jumapili kitinda mimba alitangulia. Alijifungia jikoni muda mrefu, akisema anapiga deki. Kamati alifika baadaye, akaacha mtungi ndani ya buti. "Tuone kwanza," alisema, akasimama mlangoni amekunja mikono. Jemadari alijifunga aproni yake ya shule, iliyopauka lakini bado ina heshima, akaingia na mkongojo wake kama mtu anayeingia uwanjani.

Akashika bomba, akavuta. Rafu ilisogea kidogo, ikagoma. Akavuta tena. Springi nazo zikamvuta, kama mbuzi anayekataa kamba. Akajikaza kisabuni, akaning'inia kwa uzito wake wote. Mkongojo ukateleza kwenye sakafu iliyokuwa bado na maji, vidole vikaachia bomba, na rafu ikaruka na kurudi kabatini kwa kishindo. Kitu kikadondoka, kikadunda, kikabiringika hadi miguuni mwa Kamati. Kitinda mimba alikuwa tayari amemdaka mama yake kiunoni.

"Basi, mama," Kamati alisema. Hakuonekana mshindi hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma Jemadari zaidi. "Umejaribu. Tumeona wote. Twende ukae."

Machozi yalimlenga. Aliliona lile pazia jipya, kile kitanda kifupi, na hotipoti mpaka siku ya kuzikwa. Aliinamisha uso ili wasimwone, na hapo ndipo alipokiona kilichodondoka. Kilikuwa kikombe cha plastiki, cha rangi ya waridi.

Jemadari hakuwahi kuruhusu plastiki ikae jikoni mwake, hata kijiko.

"Hiki kimetoka wapi?"

Kitinda mimba aligeuza uso pembeni.

"Nimeuliza! Nani kagusa rafu yangu?"

Kitinda mimba alianza kulia kabla ya kusema. "Ni mimi, mama. Nilitoa vile vizito nikavificha chini ya sinki, nikaweka vikombe na sahani zangu nyepesi. Nilijua mkono mmoja hautaviweza. Nilitaka ushinde, mama. Mimi sitaki uhame."

Moyo wa Jemadari ulilainika na kuchemka kwa wakati mmoja. Huyu mtoto alikuwa upande wake, na ndiye aliyemwangusha. "Mwanangu," alisema, "umenipunguzia mzigo, ndiyo maana nimeshindwa. Springi zile zimekazwa kwa ajili ya kinu changu. Ukizipa vikombe vya plastiki, zinavuta juu kwa nguvu zote, hakuna cha kuzishusha. Na nyinyi nyote mna ugonjwa huo huo. Mnaninyang'anya kila kitu mkononi, halafu mnakuja kutazama kama bado nina nguvu!"

Kamati alikohoa. "Mama, tusianze kutafuta visingizio..."

"Leta kigoda."

"Mama, daktari alisema..."

"Mimi sijasema napanda. Unapanda wewe."

Kamati akapanda, akaviteremsha vikombe na sahani. Hakuwa mtu mwembamba. Kitinda mimba alimpokeza sufuria moja moja, huku akijifuta pua kwa kiwiko, naye akazipanga akihema. Kinu kilimtoa jasho. Alipokwisha kukisukuma ndani, kigoda kikayumba, akalikumbatia kabati kwa mikono miwili na kupiga ukelele, "Mama!", mtu mzima mwenye mvi.

"Shuka polepole," Jemadari alimwambia. "Mimi nilikuwa napanda hapo kila siku, na hukuwahi kuitisha kikao."

Kamati alishuka. Alikitazama kigoda, akamtazama mama yake.

Jemadari aliuweka mkongojo vizuri, mahali pakavu. Akanyoosha mkono wa kushoto, akavuta. Rafu ikatoka, ikainama, ikashuka na shehena yake yote, bila kelele, mpaka mbele ya aproni yake. Akachukua sufuria aliyoitaka, ile nene yenye mpini uliopinda, akaiweka kwenye meko. Kisha akaisukuma rafu kwa kiganja, ikarudi juu.

"Mtungi," alisema bila kugeuka.

Kamati alikwenda mwenyewe kuuteremsha.

Walikula maharage wakiwa wamesimama jikoni, maana walikuwa watatu na nafasi haikuwepo. Kitinda mimba alicheka hadi akapaliwa mama alipomwigiza kaka yake akiwa amelikumbatia kabati. Kamati hakucheka, lakini aliomba kuongezwa, na Jemadari akamwongeza bila kumsimanga, kwa kuwa hata hasira yake ilikuwa na mipaka na huyu alikuwa mwanawe.

Wakati wa kuondoka Kamati alisita mlangoni, funguo za gari mkononi. "Sasa mama, kile chumba? Nimeshakipaka rangi. Pazia nimeshatundika."

"Kisikae bure," Jemadari alisema. Akakisukuma kigoda kwa ncha ya mkongojo mpaka kikamgonga mwanawe kwenye kiatu. "Buti lako sasa lina nafasi. Kipeleke hiki. Na kiambie kule hakitagusa kitu."