Samaki wa Bwawa la Mwisho

Asubuhi ya ukaguzi, Yun-hsia aliwakuta samaki wote kumi na wawili wa bwawa la kiwanda wakielea, matumbo juu.

Kiwanda kilipaka vyuma madini ya nikeli ili ving'ae. Maji yake machafu yalisafishwa, yakapita kwenye bwawa hilo la mwisho, ndipo yakamwagwa mferejini. Samaki ndio mashahidi: wakiwa hai, maji ni salama, na cheti cha mazingira kinabaki ukutani. Mfereji huohuo ulinywesha mpunga wa baba mkwe wake, na mpunga huo ndio uliojaza bakuli la binti yake wa miaka mitatu kila jioni.

Msimamizi Liao akamrushia ufunguo wa pikipiki. "Nimefungulia bwawa maji ya bomba, litapita kipimo. Wewe kimbia sokoni. Kumi na wawili, wekundu. Mkaguzi anafika saa nne."

"Bosi, hii ni mara ya tatu."

"Na mara ya tatu utanyamaza vilevile. Dada, umeajiriwa kulisha samaki au kulisha watu maneno?"

Akaenda, akarudi. Wafu akawatia kwenye ndoo nyuma ya mlango wa pampu, wazima akawamwaga bwawani. Kwenye fomu akaandika kama kila siku: hai, kumi na wawili.

Mkaguzi, Mzee Tu, alikuwa mtu wa mvi, asiye na haraka. Akasoma makaratasi, akapima maji, akaridhika. Kisha akachuchumaa ukingoni.

"Nani anawalisha?"

"Mimi, mzee. Mwaka wa pili sasa."

"Basi hebu wapigie makofi waje. Wangu nyumbani hunifuata kama kuku."

Yun-hsia akapiga. Samaki wake walizoea kuukimbilia mkono wake kabla chakula hakijagusa maji. Hawa walijibana kwenye pembe ya mbali, wakitetemeka.

Liao akacheka. "Wana haya, mheshimiwa. Wameona mgeni."

"Mgeni ni mimi au ni wao?" Mzee alimwuliza Liao, lakini macho yalikuwa kwa Yun-hsia.

Bakuli dogo la bluu la binti yake likamjia akilini, na kijiko chake.

"Wangu wamo kwenye ndoo," akasema. "Nyuma ya mlango ule."

Kiwanda kikafungwa. Wiki mbili baadaye wapimaji wa wilaya wakafika mashambani na kuchukua udongo. Majibu yalipoonyesha sumu ya nikeli wakaja na malori, wakaukata mpunga ulioanza kuinama kwa punje, wakaupeleka kuchomwa. Baba mkwe alisimama kwenye tuta mpaka lori la mwisho likapotea.

"Ungeninong'oneza kwanza, mwanangu."

"Ningekunong'oneza, baba, ungeuvuna."

Siku nne baba mkwe alikula peke yake nje. Jioni ya tano akaja mezani, akavuta bakuli la mjukuu wake, akaunusa ule wali wa mchele wa dukani kwa muda mrefu. Kisha akaupuliza upoe, akamlisha.