Pumzi kati ya Beti

"Wifi, kikikutisha kikanyage. Si kinapigwa hata kwa miguu?" Majken alimnong'oneza huku akimpokea koti.

Gunvor hakucheka. Alikuwa ameinua shingo mpaka kofia ya sufu ikamdondoka. Kinanda cha chuo kilipanda ukutani hadi darini, mabomba juu ya mabomba, mengine membamba kama penseli, mengine mtu mzima angejificha ndani. Cha kanisani kwao, kule msituni, kilikuwa kama kabati la vyombo, na wakati wa baridi kilikohoa.

Miaka yote amekipiga bila cheti, akishamaliza kukamua ng'ombe. Sasa usharika unataka cheti. Akianguka mtihani wa leo, kuanzia Majilio wazee wa kule wataimba wakifuata muziki wa spika.

"Karibu, mama. Wimbo wowote, beti tatu," alisema Profesa Hägglund kutoka mezani kwake.

Gunvor alivua viatu, akakaa na soksi zake nzito. Alipobonyeza, sauti ilimpanda kupitia kiti mpaka kifuani, akatoa mikono kama aliyegusa jiko. Kisha akakipapasa kinanda ubavuni, vile anavyompapasa ng'ombe mgeni.

"Taratibu na mimi," akakiambia. "Tutazoeana."

Ubeti wa kwanza ukaenda vizuri. Ulipoisha akanyanyua mikono, akatulia. Akatulia mpaka profesa akainua uso.

"Umesahau, mama?"

Masikio ya Gunvor yakawaka. "Hapana. Nawasubiri wazee wavute pumzi. Mzee Valfrid ana pumu."

"Hapa hakuna wazee."

"Na mimi je?" Majken alidakia kutoka nyuma. "Au nimekuja kupamba viti?"

Profesa alitabasamu kidogo tu. "Kwenye mtihani beti hufuatana, mama. Ukisimama hivyo, naandika kwamba umekwama."

"Naelewa." Gunvor akatazama soksi zake. "Ila nikijizoeza kuwaacha nyuma hapa, Jumapili nitawaacha na kule."

Profesa akaizungusha kalamu, asiandike. "Ubeti wa pili," akasema.

Akapiga, safari hii akiyaamsha na yale mabomba manene, sakafu ikatetemeka chini ya nyayo zake. Mwishoni vidole vilitaka kuendelea, akavizuia. Akanyanyua mikono.

Juu darini sauti ilikuwa bado inatembea, polepole, kama mtu anayetoka kanisani na mkongojo. Huko nyuma Majken akavuta pumzi. Na pale mezani mtu mwingine naye akaivuta, ndefu, kama anayejiandaa kuimba.