Vitenzi vya Joyline

“Mmebadilisha tena!” Robi alimfokea Joyline. “Jana ‘kula’ ilikuwa tapo. Leo ati ni miruka!”

“Ni kitenzi kisichofuata kanuni,” Joyline alijibu. “Kila lugha iko navyo.”

“Vyenu vinazaliwa kila nikishashika vya jana!”

Mellen akacheka. Nikaacha kusonga ugali. Joyline na Mellen ni binti zangu. Walijitungia lugha likizo ya Aprili, nami nikawaacha, maana iliwatoa kwenye simu yangu. Robi ni mtoto wa marehemu dada yangu wa Isebania. Alihamia kwetu hapa Migori muhula huu, na lugha hiyo aliijua kwa kusikiliza tu akiosha vyombo. Tangu aijue, haijatulia.

“Joyline, nani anaamua vitenzi?”

“Sisi wawili, mama. Tulianza sisi.”

“Anti,” Robi akasema, “nataka kurudi kwa nyanya. Huko watu wakiongea nasikia.”

Hilo lilinitosha. Nikaipua sufuria, nikampa Robi mwiko na sahani zote.

“Leo unapakua wewe. Anayetaka ugali ataomba kwa lugha yao, na kitenzi cha kuomba unatunga wewe, sasa hivi.”

“Mama, hiyo si haki!”

“Njaa nayo ni haki? Robi, tunga.”

Robi akafikiri. “Nyasuri.”

“Hiyo haifuati kanuni!” Mellen akalalamika.

“Ndiyo, haifuati,” Robi akajibu.

Joyline aliutazama ugali, akanitazama mimi, kisha akanyoosha mkono. “Nyasuri, Robi.”

Robi akampakulia.