Uzito wa Gitaa la Akiba

Wanaume wanne walilipandisha gitaa la akiba kwenye lori kwa mtindo wa kupakia jokofu: wawili upande wa shingo, wawili upande wa tumbo, na dereva akiwaelekeza kwa mikono. Spika zilikuwa zimeshapangwa, dramu zimeshafungwa kamba, na mpiga kinanda alikuwa amekalia sanduku la nyaya akinywa chai kwenye kifuniko cha chupa. Gitaa lilipogusa sakafu, lori lilishuka kwa nyuma na chai ikamwagika.

“Limeongezeka hili,” dereva akasema.

“Tangu Jumamosi,” akajibu mmoja wa wabebaji, akijipangusa shingo.

Walipokwisha kupakia, msichana aliyeitwa Kimya alipanda, akaliokota kwa mkono mmoja na kulilaza mapajani. Kwake halikuwahi kuwa zito. Angeweza kulipakia peke yake huku akila ndizi, lakini mjomba wake, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa bendi, hakutaka msichana aonekane akipakia vyombo. Alisema watu watadhani bendi haina wanaume.

Bendi hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Hakuna chombo kilichopanda jukwaani bila mwenzake kukaa nyuma ya pazia. Zamani, ngozi ya dramu ilimpasukia Mjomba kwenye harusi ya watu, akaimaliza shughuli kwa kupiga makofi, na tangu siku hiyo alikuwa na spea ya kila kitu: ngozi, fimbo, vipaza sauti, kinanda, hata vifungo vya mashati. Tena hakutaka spea iliyolala. Gitaa likitolewa sandukuni ghafla na kuingizwa kwenye joto la taa, nyuzi hulegea na sauti hupotea. Kwa hiyo lazima mtu akae nalo nyuma ya pazia, apige kila wimbo unaopigwa mbele, bila kuchomeka waya, ili likihitajika liwe tayari limechangamka. Mtu huyo alikuwa Kimya.

Mbele alisimama Bwana Harusi, mume wa binti ya Mjomba. Alikuwa ameoa siku nyingi, watoto wake wanakwenda shule, lakini jina halikumtoka kwa sababu Mjomba bado alimtendea kama siku ile ile: soda ya kwanza yake, kiti cha mbele chake, na kwenye bango picha yake katikati. Alipiga gitaa la besi vizuri kiasi. Kuna mapumziko mafupi kwenye nyimbo za kasi ambayo yeye aliyaruka kila mara, na kila mara vidole vya Kimya, kule nyuma, viliyasubiri.

“Siku la akiba litakapopanda jukwaani,” Mjomba alimwahidi mpwa wake alipomkabidhi gitaa kwa mara ya kwanza, “wewe ndiye utakayepanda nalo. Na ukipanda hushuki.”

Kimya aliyashika maneno hayo. Alikaa nayo nyuma ya mapazia mekundu, ya kijani, na moja lililokuwa shuka la hoteli. Na gitaa likaanza kuwa zito. Bendi haikulishughulikia sana jambo hilo, ila ilimwongeza mbebaji wa pili, kisha wa tatu, kisha wa nne. Aliyelieleza ni Mama Pacha, mpiga dramu, siku moja akimenya chungwa.

“Nyimbo zinaingia, hazitoki,” alisema. “Hata mimi ningenenepa.”

Safari hii walikuwa wanakwenda kupiga kwenye ukumbi mkubwa, alasiri, na redio ingerusha onyesho moja kwa moja. Kimya alikuwa roho juu tangu alfajiri. Alikuwa amelipiga pasi gauni lake la bluu, akalikunja, akalikunjua, akalipiga tena, ingawa nyuma ya pazia hapana wa kuliona. Kilichomwasha ni ufa. Jana yake, kwenye mazoezi, alikuwa ameuona ufa kwenye shingo ya gitaa la Bwana Harusi, mwembamba kama unywele. Alipigana na nafsi yake kwa muda wa wimbo mzima, kisha akaenda kusema.

“Umefanya vizuri,” Mjomba alimwambia, akaupaka gundi.

Ukumbini, mlinzi alilizuia gitaa la akiba mlangoni. Alilitazama linavyobebwa, akazitazama mbao za jukwaa lake.

“Hicho kitu hakipiti,” alisema. “Juzi tu ameanguka humu ndani mheshimiwa mmoja, na alikuwa mwembamba.”

“Ni gitaa,” Mjomba akasema.

“Naona ni gitaa. Lipunguzeni.”

Mjomba aliwaza kidogo, akajipiga paji la uso. Nyuzi! Nyuzi za besi ni za chuma, na chuma ndicho kizito. Akaagiza zifunguliwe zote nne. Na kwa kuwa zilikuwa nzuri kuliko zile zilizochakaa za mbele, akampa Bwana Harusi azivalishe gitaa lake kwa ajili ya redio.

Wapiga muziki wote wanaijua tabia hii na wote wanaikataza: kuinyofoa spea ili kuipendezesha ile inayoonekana. Mjomba mwenyewe alikuwa amewafokea watu kwa hilo mara nyingi.

“Mjomba,” Kimya akasema kwa sauti ya chini, “likihitajika je?”

“Leo halitahitajika. Leo tuko redioni.”

Gitaa halikupungua hata kidogo. Ila mlinzi alipoona kuna kitu kimeondolewa, aliridhika, na wabebaji wakalipitisha.

Saa tisa taa nyekundu ya redio ikawaka. Ukumbi ulikuwa umejaa hadi kwenye ngazi. Mama Pacha akahesabu kwa fimbo, na wimbo wa kwanza ukatoka kama maji ya bomba lililopasuka. Watu waliokuwa wamekuja na heshima zao waliziacha vitini. Kufika wimbo wa pili viti vyenyewe vilikuwa vimesukumwa ukutani. Kimya, nyuma ya pazia, alikuwa anapiga mti mtupu. Vidole vyake vilikwenda palepale ambapo nyuzi zingekuwa, na moyo ulimdunda kwa kasi ile ile ya dramu.

Katikati ya wimbo wa tatu shingo ya gitaa la Bwana Harusi ilikatika. Nyuzi nene zilikuwa zimekazwa mno juu ya gundi. Ilitoa mlio wa kiti kibovu kilichokaliwa na mtu mnene, kisha besi ikatoweka, na miguu ya watu mia kadhaa ikakosa pa kukanyaga.

Mjomba hakugeuka. Aliendelea kuuchekea umati kwa meno yote, lakini mkono wake mmoja, nyuma ya mgongo, ulifumba na kufumbua. Ilikuwa ishara ya bendi: leta akiba.

Bwana Harusi aliingia nyuma ya pazia akihema.

“Lete!”

“Lichukue, shemeji.”

Alilishika shingo, akavuta. Akalishika kwa mikono miwili, akakita mguu kwenye kiti, akavuta. Shati lake la redio likachanika mgongoni kutoka kola hadi mkanda.

“Umelipigilia misumari?”

“Hapana, shemeji.”

Huko mbele Mama Pacha alikuwa ameubeba wimbo peke yake kwa dramu, na jasho lilikuwa linamtoka hadi kwenye vifundo vya miguu.

“Kimya!” akapaza sauti. “Njoo nalo, mtoto wewe, mikono yangu inakufa!”

Kimya aliuchungulia mkono wa Mjomba. Bado ulikuwa unafumba na kufumbua. Hakungoja kuelezwa zaidi. Alisimama, akalivaa gitaa begani na kulipita pazia.

Mbao za jukwaa ziliinama chini yake kama kitanda cha kamba. Fundi mitambo alimchomekea waya, akalitazama gitaa.

“Halina nyuzi,” akasema.

“Ndiyo.”

Fundi akaongeza sauti, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Kimya akaweka kidole. Besi ikatoka. Ilitoka chini ya miguu ya watu, ikapanda kwenye magoti, ikakaa kiunoni. Wimbo wa tatu ukadakwa pale pale ulipoangukia, na yale mapumziko mafupi, ambayo hayakuwahi kusikika katika onyesho lolote la bendi hiyo, yakasikika. Ukumbi mzima ukavuta pumzi ndani yake, kisha ukalipuka.

Baada ya hapo hapakuwa na aliyepanga nyimbo. Zilikuja zenyewe: za harusi, za kumbi ndogo, za uwanja wa mpira siku ya mvua, zote zilizoingia na kukosa pa kutokea. Bendi ilizifuata mbio, mpiga kinanda akiwa amevua viatu ili afike upesi. Bibi mmoja aliyekuja na mkoba wa kanisani alitia viatu vyake ndani ya mkoba na kuingia katikati. Mlinzi wa mlango alicheza na mlango. Mtangazaji wa redio alipaswa kuingia na taarifa ya habari. Akaisogeza mbele, akaisogeza tena, mwishowe akaikunja akajipepea nayo. Na Kimya, ambaye bendi haikuwahi kuyaona meno yake, alikuwa anacheka wazi, gauni la bluu limemgandia mgongoni, akipiga mti mtupu kama aliyekuwa anafungulia milango ya nyumba yenye watoto wengi.

Kila wimbo uliotoka, gitaa lilipungua. Mbao zilijinyoosha. Kisha visigino vya Kimya viliachana nazo, kisha vidole vya miguu. Alipofika usawa wa dramu, Mama Pacha alimdaka upindo wa gauni kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia ukiendelea na kazi.

“Piga tu, mwanangu,” alisema. “Nimekushika.”

Wimbo wa mwisho ulipokwisha, alimvuta chini taratibu. Makofi hayakutaka kwisha. Mtangazaji, ambaye alikaa kwenye chumba cha pembeni na hakuliona jukwaa, alisoma majina kutoka kwenye bango. “Na kwenye besi,” alisema, sauti imemkauka kwa furaha, “Bwana Harusi! Bwana Harusi mwenyewe!” Mjomba aliinama kushukuru. Hakumsahihisha, kwa sababu mtu hasahihishwi akiwa hewani.

Nyuma ya ukumbi bendi ilikuwa inakumbatiana na kurukaruka. Mpiga kinanda alikuwa analia. Mjomba alimkumbatia Bwana Harusi kwanza, kwa mazoea, kisha wengine wote. Gitaa lilikuwa limefungwa kwenye kitasa cha mlango kwa waya, likielea juu kidogo ya vichwa vyao.

Kimya alimsubiri Mjomba amalize soda.

“Mjomba,” alisema, “ulisema siku nikipanda sishuki.”

“Nilisema,” Mjomba akakubali. Uso wake ulikuwa unang'aa na hakuwa na ubaya wowote ndani yake. “Na ungebaki juu, mama. Sasa Mama Pacha kakushusha, mimi nifanyeje?”

Watu wakacheka. Kimya naye alitabasamu, kwa sababu damu ilikuwa bado inamchemka na kwa sababu Mjomba ni Mjomba.

“Halafu tazama,” Mjomba aliendelea, akilisukuma gitaa kwa kidole kimoja, likayumba. “Jepesi! Sasa hata Bwana Harusi analiweza. Tumepona.”

“Mkuu,” Mama Pacha akasema, “aliyepiga ni nani?”

“Ni bendi,” Mjomba akasema. “Bendi ndiyo iliyopiga.”

Mama Pacha akaanza kulegeza ngozi za dramu zake, akizipiga ngumi moja moja.

Mabango mapya yalitoka wiki hiyo hiyo. Katikati alikuwa Bwana Harusi, miguu yake ikiwa hewani. Maombi yakamiminika kutoka kila upande, maana waliokuwepo waliwasimulia wasiokuwepo, na wasiokuwepo walisimulia zaidi. Gitaa la akiba likavalishwa nyuzi mpya na kukabidhiwa Bwana Harusi. Lori, ambalo sasa halikubeba uzito wowote wa maana, lilikwenda kasi hata dereva akawa anaimba.

Lilibaki tatizo dogo la Bwana Harusi kupaa. Kwenye onyesho la kwanza aligonga taa. Mjomba akanunua kamba mbili imara, moja ya kazi na moja ya akiba, ikafungwa ile ya kazi kwenye mkanda wa suruali ya Bwana Harusi na kupitishwa chini ya pazia hadi nyuma. Wabebaji wanne walijaribu kuishika, na kila mmoja aliiachia au kuivuta vibaya, kwa sababu hawakuzijua nyimbo na hawakujua ni wapi mtu anaruka na ni wapi anatulia. Hapo kila mtu akageuka kumtazama Kimya.

“Wewe umezoea,” Mjomba akamwambia.

Onyesho lililofuata lilijaa hadi nje. Kimya alikaa kwenye kiti chake nyuma ya pazia, kamba imezungushwa mkononi. Kila noti ilimfikia kupitia kamba, ikamtetemesha viganja, ikapanda mabegani. Walipofika kwenye wimbo wa kasi na yale mapumziko mafupi yakakaribia, aliipa kamba mvuto mdogo. Kule juu Bwana Harusi alinyamaza kwa mshtuko, mahali hasa pa kunyamaza, na ukumbi ukapiga kelele za raha.

“Mmemwona mkwe wetu?” Mjomba akauliza kwenye kipaza sauti, pumzi zikimpaa. “Mmemwona?”

Walikuwa wamemwona. Makofi yalitikisa pazia. Kimya alizungusha kamba mkononi mara nyingine, akakita miguu sakafuni, maana wimbo uliokuwa unakuja ulikuwa wa kasi zaidi, na alikuwa anaupenda kuliko yote.