Kengele Aliyopigiwa Torkel

...na sasa kasisi amefika Norwei, Norwei tena, maana mfalme hakutosheka na ile safari ya kwanza, anataka kurudi kulekule kwenye milima na barafu, na Gunilla anayasikia maneno yakishuka kutoka mimbarini, viatu, shayiri, farasi, vijana wenye afya, Mungu ameutia upanga mkononi mwa mtumishi wake Mfalme Karl, anayasikia lakini hayamwingii, kwa sababu waraka wa mfalme ukiisha ndipo litakaposomwa tangazo la ndoa, mara ya tatu na ya mwisho, kisha kasisi atauliza kama yupo mwenye pingamizi, na mwenye pingamizi yupo, amekaa upande wa wanawake, benchi la nyuma la wake wa maaskari, ni bibi harusi mwenyewe... soma, kasisi, soma polepole, leo tu usiikimbilie supu yako ya kabeji, siku zote ulikuwa unatuchosha na nyaraka hizi mpaka miguu inakufa ganzi, leo mbona unasoma kama umefukuzwa... Torkel yuko hai. Lo, usiliwaze kwa nguvu hivyo, Gunilla, utalisema. Torkel yuko hai, amekaa huko Siberia anachonga vijiko, na hapa ameshapigiwa kengele ya wafu, ilipigwa mbele ya watu wote, mama yake akalia mpaka akazimia pale penye ngazi, na mtu akishapigiwa kengele nani atapanda mnarani akaitengue...

Vita vyote vya mfalme huyu vimempata akiwa amekaa kanisani, hajawahi kuona hata moshi wa bunduki, vyote vimeteremka kutoka mimbari hiyohiyo, tangu vita vya Narva, alipokuwa bado msichana, mfalme naye bado kijana asiyejua wembe, kasisi wa zamani akasoma kwamba theluji iliwavumia Warusi usoni wakashindwa hata kuona walikokimbilia, kanisa zima likalia kwa furaha, na upande wa wanaume Torkel akamkonyeza, kofia mkononi, masikio mekundu kwa baridi, alimkonyeza katikati ya sala ya shukrani, jamani, mtu asiye na adabu, na yeye akacheka ndani ya shali... kisha ikaja miji ya Polandi, kila Jumapili mji, majina yanamkwama kasisi kooni, anameza mate, anaanza tena, mfalme kashinda, mfalme kaingia, mfalme kamweka mfalme mwingine na kumwondoa mwingine, na huku kijijini Björkhult askari wa zamu akafa kwa kuhara, hata risasi hakuiona, na mashamba yanayomtunza askari huyo yakatakiwa kutoa mwingine, maana ndivyo ilivyo, mashamba machache yanashikamana, yanamlisha askari mmoja na kumpa kibanda na kijishamba cha mboga za mizizi, akifa yanatoa mwingine, kibanda kilekile, koti lilelile likiwa limerudi, na jina lilelile, Rask, yaani mwepesi. Torkel mwepesi! Mtu aliyekuwa akivaa kiatu kimoja mpaka uji unapoa. Alirudi kutoka kwa mzee Hemming, mkuu wa mashamba hayo, akasimama mlangoni akamwambia, "Haya mke wangu, kuanzia leo mimi ni Rask, itabidi hata kulala nilale haraka," wakacheka, walicheka kweli, walikuwa wamepata paa...

Mzee wa fimbo anapita. Fimbo ndefu, ncha ya shaba, anawatafuta wanaosinzia, tak, tak juu ya mbao, anamgusa mke wa fundi viatu begani, mke wa fundi viatu anashtuka na kujifanya alikuwa anaomba, anakuja, anakuja, Gunilla anakaza macho mbele kama mtu anayemsikiliza mfalme kwa moyo wote, na fimbo inampita mama mkwe, Brita, aliyejikunyata pembeni yake, kidevu kifuani, Brita haguswi, kila mtu anajua Brita amekuwa kiziwi tangu ile kengele, mtu akitaka kumwambia kitu lazima apige kelele kama anaita ng'ombe... maskini mama, mwanao yuko hai na mimi nimekaa nawe bega kwa bega na sikuambii, tangu Alhamisi nalala na wewe chumba kimoja, nakupa maziwa, nakusuka nywele, na sikuambii, mimi ni mtu gani... ningekuambiaje, ningelipiga kelele zikasikika mpaka nyumba ya Hemming...

Alhamisi. Ng'ombe alikuwa bado hajakamwa. Mtu mwenye mguu mmoja akasimama uani, ndevu zimemfika kifuani, akaomba maji, Gunilla akampa na uji, akaula akiwa amesimama kana kwamba kuna atakayemnyang'anya, ndipo akauliza hapa ndipo kwa Rask wa Björkhult. Gunilla akamwambia Rask alikufa Ukraini, kwenye ile baridi, walikuja watu wakathibitisha, kengele imepigwa. Yule kilema akatikisa kichwa. Akasema, "Dada, kikosi chake ndicho kilichoisha, yeye hakuisha. Tumefungwa pamoja Siberia mimi na yeye mpaka nilipotoroka." Akatoa kijiko kwenye soksi, kijiko cha mbao, akasema Torkel ameagiza apewe mkewe, atajua. Na akajua, haki ya Mungu alijua kabla hajakishika, mchongo umelalia upande usio wake, Torkel ni mtu wa shoto, vijiko vyote vya nyumbani mwao vimelala hivyohivyo, mgeni akivitumia hujimwagia uji kidevuni... akamuuliza atarudi lini, swali la kijinga, yule mtu akacheka bila meno, akasema mfalme akichoka. Ndani Brita amelala kitandani kwake, amegeukia ukutani kama kawaida yake. Kilema akaenda zake, hakutaka hata kulala, anataka kufika kwao kusini kabla ya theluji, na Gunilla akakificha kijiko chini ya majani ya godoro, akaenda kukamua ng'ombe, akakamua mpaka ng'ombe akampiga teke.

Na leo asubuhi hakipo. Alipapasa, akainua godoro, akamsukuma bintiye Elna pembeni, hakipo, labda kimeteleza chini ya mbao, labda yule mdogo wa Elna amekichukua kuchezea, Mungu wangu, labda anacho mfukoni sasa hivi, atakitoa mbele za watu, na mezani uji umeshapikwa, Brita ndiye aliyeamka wa kwanza akawasha moto, Brita ambaye hajawasha moto tangu mikono imkakamae, ilikuwa siku ya kushukuru lakini nani alikuwa na nafasi ya kushukuru, alikuwa anatafuta kijiko...

Kasisi anafungua ukurasa mwingine wa mfalme. Bado, bado kidogo. Upande wa pili Joen amekaa kwenye benchi la maaskari, amevaa koti la buluu kama lile la Torkel, mikono imempita, amelowesha nywele zikalala. Joen huyu alikuwa akija kwao na makamasi kuomba kuona bunduki ya Torkel. Sasa ndiye Rask. Walipomleta, Hemming na mkwe wake wakakaa mezani kwake wakazungusha kofia magotini, Hemming akasema, "Gunilla, mama, sisi si wanyama. Lakini kibanda ni cha askari. Ukiolewa na askari, kibanda ni chako, watoto wanabaki, bibi anabaki. Usipoolewa, basi tena." Na Joen akiwa amesimama nyuma yao akasema, "Mama Gunilla, mimi sitakusumbua," kisha akawa mwekundu mpaka shingoni, kwa sababu mtu hamwiti mchumba wake mama. Mtoto wa watu. Naye ataondoka wiki hii kwenda Norwei na koti lisilomtosha...

Nikisimama, anawaza, nikisimama nikasema mume wangu yuko hai, nani shahidi, kilema ameshaondoka, kijiko kimepotea, watasema mwanamke amechanganyikiwa, au wataniamini, ni heri gani hiyo, wakiniamini Joen atatafutiwa mke mwingine, na sisi nje, Elna atapelekwa kutumika kwa watu, mdogo wake kwa watu wengine, na Brita atatembezwa nyumba kwa nyumba, siku moja kwa huyu, siku moja kwa yule, analala zizini, mwaka huu ambao hata wenye mashamba wanachanganya magome ya msonobari kwenye mkate, nani atampa kizee asiyesikia kipande... nikikaa, nimeolewa na waume wawili kwa kujua kwangu, na hiyo sheria haina mdomo wa kubembelezwa, ni shingo na upanga, na kabla ya upanga kuna Mungu, na kabla ya Mungu kuna Torkel, atakuja, mfalme akichoka atakuja, ataingia langoni na ule mwendo wake wa kobe, atamkuta Rask mezani anakula kwa kijiko chake... mfalme, wewe ulikaa miaka kwa Sultani wa Waturuki tukikuombea bila kujua unakula wapi, umerudi, umemaliza wanaume, unataka na watoto, mwenyewe hujaoa hata mke mmoja, mimi umenipa waume wawili na sina hata mmoja wa kumshika mkono... nifanye nini, mwenzenu nifanye nini, hakuna wa kumuuliza, kila mlango nikiusukuma naukuta ukuta...

Kasisi amekunja waraka. Anakohoa. Anashika karatasi ndogo. Askari Joen Rask, kijana, na Gunilla binti Per, mjane, mjane amesema, limetamkwa wazi kabisa, mjane, mara ya tatu na ya mwisho, kama yupo mtu ajuaye kizuizi chochote aseme sasa... na fimbo ya mzee imesimama, mtoto mmoja anakohoa mbali, na magoti yake, hakuyatuma, magoti yanaanza kunyooka yenyewe, mdomo unafunguka, hewa inaingia, Torkel...

Mkono ukamshika. Mkono uliokakamaa, wa baridi, umelala juu ya paja lake chini ya shali na unamkandamiza kwenye benchi kwa nguvu ambazo hazikutegemewa kwenye mifupa ile. Kidevu cha Brita bado kiko kifuani. Macho hajayafungua.

"Kaa, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Nilimsikia yule mtu. Kijiko nimekitia motoni."

Moto wa asubuhi. Uji ulioiva mapema. Alikula ule uji, wote walikula, Elna aliomba nyongeza... na ukutani Alhamisi, amegeukia ukutani, kumbe amelala macho wazi, anasikia mwanawe wa pekee yuko hai, analala na hilo siku hizi zote, hajapiga hata ukelele, kisha anaamka na mikono ile kutafuta chini ya godoro la watu waliolala, anakitia mdomoni mwa moto kitu kilichotoka mkononi mwa mwanawe... na mimi nilidhani nimebeba peke yangu, nilidhani namwonea huruma.

Kasisi amesubiri kadiri inavyostahili. Ameweka karatasi chini, amegeuza kitabu, ameanza sala ya mfalme, umlinde mtumishi wako Karl, uzibariki silaha zake nchi kavu na baharini, umshindie adui zake, ileile, kila Jumapili ileile, upande wa pili Joen anajipangusa kipaji kwa mkono wa koti, na mkono wa Brita haujaondoka pajani. Sala ikafika mwisho. Brita akaitikia Amina wa kwanza, kabla ya watu wote, mahali pake hasa, kama mtu anayesikia vizuri, na Gunilla akaitikia baada yake, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka.