Sehemu ya Pili ya Nyumba ya Olupot

Nusu ya Busia, upande huu wa mpaka na ule, ilikuwa imeitazama video ya Nyumba ya Olupot, na hakuna hata mmoja aliyesikia neno lililosemwa ndani yake. Walichosikia ni Okochi. Okochi ndiye vijei wa kibanda cha video cha Elphas, yule anayekaa nyuma na kipaza sauti akiwafasiria watazamaji filamu inavyokwenda. Wakorea amewafasiria, Wahindi amewafasiria, na katika lugha zao hajui hata kuomba maji. Anazima sauti yao, anatazama midomo, anatunga. Watu wanacheka, wanalia, wanarudi kesho.

Basi alipoletewa kamera ya Paddy, akafanya yaleyale. Paddy alikuwa mpiga video wa harusi na matanga kutoka Paya, rafiki yake wa miaka mingi. Mwezi wa kwanza aliingia peke yake katika nyumba ya marehemu Olupot kule Kiyeyi, nyumba ambayo watu huipitia mbali hata mchana, akitaka kuwaonyesha kwamba haina kitu. Siku ya tatu kamera ilikutwa kizingitini. Paddy hakukutwa. Kwenye kamera anaonekana akitembea chumba hadi chumba kwa dakika arobaini, kisha anaikazia macho na kusema maneno mengi kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao, machozi yanamtoka. Okochi ni Msamia, Kidhopadhola hakijui. Lakini ulimi kama ule utakubali kutulia? Alifuta sauti ya Paddy akamtungia yake: "Kwaherini, ndugu zangu. Mimi nimekwisha kufa. Msinitafute."

Kibanda kizima kililia. Moses, kaka yake Paddy, alikuwa amekaa benchi la mbele. Akatoka anafuta macho, akaenda kuwaambia wazee wa Paya kwamba mdogo wake ameaga mwenyewe. Wazee nao wakafanya linalofanyika kwa aliyekufa asionekane. Walikata shina la mgomba, wakalivisha suti ya harusi ya Paddy, wakalilaza ndani ya jeneza, wakazika na kumwaga saruji juu. Hizo zilikuwa wiki tatu zilizopita, na Okochi mwenyewe alishika koleo.

Elphas, ambaye ni mtu wa upande wa Kenya na hana soni, alikuwa hamwachi apumue. "Buda, watu wanaitisha sehemu ya pili kila siku," alimwambia. "Ingia hiyo nyumba hata dakika kumi tu. Itabamba vibaya sana, kibanda kitajaa." Okochi alikuwa akimzungusha. Nyumba ile alikuwa akiiogopa, na sioni kwa nini nimfichie.

Asubuhi moja Kevina, mke wa Paddy, alikuja kibandani kabla hakijafunguliwa. Hakutaka kukaa.

"Shemeji, mimi nataka kusikia sauti yake," alisema. "Yake tu. Ile yako nimesikia."

Rekodi ya mwanzo ilikuwa bado kwenye kompyuta. Okochi akamvalisha visikizio, akampelekea mpaka mwisho, pale Paddy anapolia. Kevina alisikiliza amejishika kifua. Akavivua.

"Wewe ulisema anaaga."

"Ndiyo, shemeji."

"Hapana aga. Anasema ile nyumba inamshika. Anasema mlango anauona, lakini akitembea haufikii. Anasema mtu aje mchana, aite jina yake mara tatu, yeye atatoka." Akameza mate. "Na anasema musinizike. Hata mkichoka kungoja, musinizike. Mkinizika, nyumba itakubali kwamba nimekufa."

Okochi alisikia haya, tena haya iliyochanganyika na woga.

Wakaondoka palepale kwa bodaboda mbili. Elphas, aliyekuwa amefika kufungua kibanda, aliwahi kumtia kamera mkononi, na Okochi akaipokea. Msimcheke. Alitaka tu kuwe na kitu kati ya macho yake na nyumba ile.

Walifika saa tano, jua kali. Nyumba ilikuwa ya matofali, bati jekundu, madirisha bado na stika za dukani, kwa maana Olupot alikufa kabla hajalala ndani yake hata usiku mmoja. Bodaboda walikataa kuvuka barabara. Kevina alisukuma mlango, ukafunguka bila kelele, wakaingia.

Nje watu walikuwa wanatoa jasho, ndani kulikuwa na baridi ya kuuma meno. Okochi alitazama kwenye kioo cha kamera tu. Sebule ilikuwa tupu. Ukumbi mwembamba ulifuata, na mwisho wake milango miwili. Alipopiga hatua kumi, ukumbi ulikuwa na urefu uleule. Akapiga nyingine kumi, milango ikabaki palepale. Aligeuka nyuma akaona mlango walioingilia umekuwa mdogo kama wa banda la kuku. Akaegemea ukuta, na ukuta ulikuwa unyevunyevu.

"Rudi, shemeji," alinong'ona. "Turudi tulete watu."

"Paddy," Kevina aliita. Akapiga hatua mbele, akaita tena. "Paddy. Paddy."

Kisha sauti ikajibu, ya Paddy kabisa, ile yenye kukwaruza kidogo. Ilisema kwa Kidhopadhola, polepole, kama mtu aliyebanwa pumzi. Sasa alichojua Okochi ni kwamba hakuelewa, na hakuthubutu kutunga.

"Anasema nini?"

"Anasema amesikia," Kevina alijibu akilia na kucheka. "Anasema nafasi ni ndogo, hawezi kugeuka."

Alikimbia, na safari hii ukumbi ukamwacha afike. Akaufungua mlango wa pili. Okochi alimfuata kwa kuwa kubaki peke yake kulikuwa kubaya zaidi. Sakafuni, chali, kililala kitu kimevaa suti ya harusi. Kevina alipiga magoti akafungua koti. Ndani ya koti mlikuwa na shina la mgomba, limeanza kuoza, limetapakaa udongo mwekundu na chembe za saruji.

Sauti ikasema tena, fupi, ikikohoa. Kevina hakungoja kuulizwa. "Anasema kuna udongo mdomoni."

Hapo wote wawili wakajua Paddy yuko wapi: nyumba ilikuwa imembadilisha na mgomba wa kaburini.

Jinsi walivyotoka Okochi hakumbuki, wala kamera ilibaki wapi. Anachokumbuka ni Kevina mbele yake kwenye barabara ya Paya, ameshikilia koti la mwenye bodaboda, anapiga kelele aongeze mwendo. Walipofika nyumbani kwa Moses, Okochi alijitupa juu ya saruji ya kaburi na kutega sikio. Alisikia kugonga. Kulikuwa hafifu, lakini kulikuwapo.

"Yuko hai. Leteni nyundo!"

Moses alisimama katikati. Kaburi halifunguliwi hivyo, alisema. Lazima wazee waitwe, lazima kondoo achinjwe, lazima mwenyekiti wa kijiji ajue, tena nani huyu anayesema? Si yeye aliyewaambia Paddy ameaga?

"Nilidanganya," Okochi alisema. "Lugha yenu siijui. Nilitunga yote. Tafadhali, mzee, weka sikio lako hapa."

Watu walijaa uani. Wengine walimwita mwendawazimu, wengine mchawi, mmoja akamzaba kofi. Alilipokea. Moses alituma watu kuwaita wazee, na wazee hawakimbii. Kevina alikuwa anakwaruza saruji kwa jembe, wanawake wakamshika mikono. Okochi alilala kifudifudi pale, akihesabu mapigo. Yalikuja mawili, akangoja sana, likaja moja. Baada ya hilo hakusikia kitu.

Saa kumi wazee waliruhusu. Saruji ilivunjwa na jeneza likatolewa. Upande wa ndani wa kifuniko ulikuwa umechimbika kwa kucha. Paddy alikuwa amevaa shati lile alilovaa kwenye video, vidole vimechanika, macho wazi. Moses akaanguka chini.

Kevina alimshika mumewe shingoni, akauacha mkono pale muda mrefu. Kisha akamwangalia Okochi.

"Yuko na joto," alisema.

Akanyanyuka, akauchomoa msalaba wa kaburi wenye tarehe ya mwezi wa kwanza, akampa yeye mikononi.

"Kafute hiyo tarehe, shemeji. Mume wangu amekufa leo."