Tikisa Kabla ya Kutumia

Nilimpelekea mjukuu wangu chakula kazini kwake, maabarani. Nikakuta ametoka kidogo. Mfagizi, yule wanayemwita Mzee Taratibu kwa jinsi anavyopangusa meza kama anaosha mtoto mchanga, akanivutia kiti.

Mbele yangu palikuwa na chupa tatu ndogo. Dawa imeganda chini. Nimelea watoto sita kwa dawa ya kikohozi. Mkono wangu ukiona chupa iliyotuama hauombi ruhusa. Nikachukua ya katikati, nikaitikisa barabara. Nikairudisha, nimeridhika kwamba nimesaidia.

Mjukuu wangu alipoingia alisimama ghafla.

"Nani kagusa hii?"

Ile iliyoganda ilikuwa sasa uji mwepesi. Akaniambia: humo mna nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho. Ukiziacha zitulie, zinatafutana zenyewe, zinashikana, zinajipanga. Ukizisukasuka, zinakatika na kushikana ovyo. Alikuwa amezisubiri siku tisa, na kesho mwalimu wake wa utafiti anakuja kuzikagua.

"Mzee, ulipangusa hapa?"

"Nilipangusa, mwanangu," akasema Mzee Taratibu. "Labda kiwiko kiligonga. Nisamehe."

Hakunitazama hata kidogo. Ndipo nikajua kwamba aliniona.

Mzee wa watu akainamisha kichwa, na mimi nimekaa kwenye kiti alichonivutia. Alipookota ndoo yake aondoke, nikashindwa kuvumilia.

"Si yeye. Ni mimi, mjukuu wangu. Nilitikisa."

Mjukuu wangu akanigeukia. Kisha akauliza polepole, "Ulitikisa vipi, Bibi?"

"Kama dawa ya kikohozi."

"Mara ngapi?"

"Ishirini hivi. Ilikuwa nzito."

Akafumba macho. Akamwomba mzee radhi, akachukua daftari, akaandika: *Chupa ya pili imetikiswa na Bibi, mara ishirini.* Akasema mwalimu atasoma hivyo hivyo, na yeye ataanza upya.

Mlangoni nilimuuliza Mzee Taratibu kwa nini alijitwisha kosa langu.

"Mimi nimezoea kufokewa, mama. Wewe ulikuja na chakula."

Siku tisa sikukanyaga pale. Ya kumi nilikwenda na vyombo viwili vya chakula, kimoja cha mzee. Nikavitua mlangoni, nikaingia mikono nyuma.

"Kaa, Bibi," mjukuu wangu akasema. "Zimeganda."

Nikakaa. Mikono sikuitoa.